Ignishen ya Corolla 110 inakataa ufunguo: ibadilishe kama bado inazunguka (UZI)

Mwana Lanet (mleta uzi)

Habari za jioni wadau. Nimekaa na hii shida tangu mwaka jana na sasa imeisha, nikaona niandike yote mahali pamoja kwa sababu nilipokuwa natafuta msaada nilipata maneno nusu nusu, mmoja ananiambia toboa, mwingine ananiambia weka batani, na hii gari ndio inampeleka mamangu kliniki kila mwezi, siwezi kuikisiakisia.

Gari ni Toyota Corolla 110 ya 1999, otomatiki, namba bado ni ile ya KA. Nilipoinunua nilipewa ufunguo mmoja tu na huo mmoja ulikuwa kopi ya kopi, meno yamelainika mpaka ukipitisha kidole ni kama unapapasa kijiko.

Ilianza polepole. Asubuhi unaingiza ufunguo hauzunguki, unautoa, unaurudisha, unautikisa kidogo, unashika. Mwanzoni nilidhani ni usukani umejifunga, ile kawaida tunajua wote, umeegesha magurudumu yamepinda, kile chuma kinachofunga usukani kinabanwa na ufunguo unagoma hata kama ni mzima. Hiyo haina shida, unauvuta usukani upande ule wenye ulegevu huku unazungusha ufunguo bila nguvu, inaachia. Lakini yangu ilikuwa inagoma hata usukani ukiwa huru kabisa. Halafu ikaanza nyingine, injini inanguruma na unaweza kuchomoa ufunguo ukauweka mfukoni na gari isizime. Hapo ndio ningeshughulika, na sikushughulika.

Ijumaa moja natoka Kisumu na mama tukasimama Ahero anunue mchele. Kurudi kwa gari, ufunguo hautaki. Saa kumi na mbili na nusu jioni, giza linaingia, mbu wameanza, mama amekaa ndani hasemi kitu. Kijana mmoja akaja na plaizi akasema hii ni kuforce tu. Nikamwachia mara moja tu nikasikia ufunguo umelia, kuangalia una ufa pale shingoni. Nikamwambia aache. Tulikaa pale kama dakika arobaini nautikisa ule ufunguo kama anayebembeleza mtoto mpaka ukakubali, na sikuzima tena mpaka Lanet, Kericho tukapita, Mau Summit tukapita, mama akiulizia choo nasimama injini inanguruma.

Kesho yake nikanunua silinda mpya ya kufuli, kile kipande cha duara ambacho ufunguo unaingia, na funguo zake mbili kwa duka la spea hapa Nakuru mjini, elfu mbili mia nane. Kazi yenyewe nilifanya mwenyewe na haikuzidi saa moja. Nieleze nilivyofanya.

Nilitoa kwanza waya wa hasi wa betri, spana ya 10. Kama yako ina eabegi kwa usukani usiguse kitu hapo mpaka dakika kadhaa zipite, Toyota wenyewe wanasema sekunde 90 au zaidi, kwa sababu ile kompyuta yake inabaki na moto kidogo wa umeme hata betri ikitolewa. Mimi nilienda kunywa chai. Halafu ukiinama chini ya usukani utaona skurubu tatu za nyota zinazoshika ile plastiki inayofunika nguzo ya usukani. Zitoe, vuta vipande viwili viachane taratibu, plastiki ya miaka ishirini na kitu imekauka na masikio yake yanavunjika haraka.

Ukishaona kufuli, weka ufunguo, zungusha mpaka ACC, ile alama ya kwanza ukitoka LOCK. Sio LOCK, sio ON, ni ACC. Kwa ile nyumba ya chuma inayobeba silinda kuna katundu kadogo. Ingiza kitu chembamba kigumu, mimi nilitumia spoku ya baiskeli niliyoikata, sukuma ndani utahisi pini inarudi kama springi, ukiwa umeishikilia hivyo vuta ufunguo kuelekea kwako na silinda yote inakuja nao mkononi. Mpya inaingia vilevile kinyume, ufunguo wake ukiwa ACC, unasukuma mpaka isikike tak.

Sasa hii ndio sehemu nataka kila mtu asome mara mbili. Ile pini hairudi kama silinda haiko ACC. Maana yake ukingoja mpaka ufunguo ukatae kabisa kuzunguka, hii kazi ya saa moja na spoku ya baiskeli inageuka kuwa kazi ya drili. Yangu ilinipa dalili miezi minane, na laiti ingekataa moja kwa moja pale Ahero ningekuwa naandika uzi mwingine.

Dada Kakamega

Asante sana kwa hii ndugu yangu, lakini mimi nimeshachelewa. Yangu ni hiyo hiyo 110, imesimama nje ya nyumba siku ya nne, ufunguo unaingia vizuri mpaka mwisho lakini hauzunguki hata kidogo. Usukani niko na uhakika haujabana, tumeuvuta na shemeji huku na huku. Fundi amekuja akasema anatoboa kesho asubuhi. Kuna njia nyingine ama nimkubalie? Nauza maziwa, bila gari naingia hasara kila siku.

Fundi wa Kondele

Dada tafadhali mwambie asubiri. Nimefanya kazi ya kufuli za magari Kisumu miaka mingi na nakwambia nyingi ninazoletewa zitobolewe hazikuwa zimefika huko. Hebu nieleze kilichoko ndani halafu utaona kwa nini.

Ndani ya silinda kuna vibati vyembamba vya shaba vimepangwa kama sahani kwa kabati, kila kimoja kina springi yake na kila kimoja kina kimo chake. Ufunguo usipokuwepo springi zinavisukuma vinatokeza nje, vinanasa kwa ule mwili wa kufuli, silinda haiwezi kuzunguka. Meno ya ufunguo yanavishika kila kimoja kwa kimo chake mpaka vyote vinalala sawa na ukingo wa silinda, hapo ndio inazunguka. Kibati kimoja kikibaki kimetokeza hata kidogo tu kama unene wa karatasi mbili tatu, imegoma.

Sasa kuna vitu viwili vinalika, vibati na ufunguo, na ufunguo ndio unaolika zaidi ya watu wanavyofikiria, kwa sababu kila ukipeleka ule uliolika ukakatiwe kopi, mashine inakopi na ule ulikaji. Kopi ya kopi ya kopi ni ufunguo wa kufuli isiyokuwepo. Mimi nikiletewa kufuli iliyogoma kitu cha kwanza sishiki drili, natafuta vimo vya asili.

Na vimo vya asili viko kwa gari yako mwenyewe dada. Mlango wa abiria. Kufuli ya mlango wa dereva imelika kwa sababu inafunguliwa kila siku, lakini ile ya upande wa abiria watu wanasahau hata kama ina tundu. Kwa hizi Toyota za zamani ufunguo mmoja ndio unafungua milango na kuwasha gari, kwa hivyo vibati vya mlango wa abiria vina kimo kile kile na bado ni vipya. Fungua ngozi ya mlango, toa ile kufuli, mpelekee fundi wa funguo. Mara nyingi kuna namba imegongwa kwa mwili wa kufuli, hiyo namba ndio ufunguo. Kama haipo ama imefutika anasoma vibati kimoja kimoja na kukata ufunguo mpya kulingana navyo. Beba na logibuku, fundi wa maana lazima akuulize kama gari ni yako.

Ufunguo mpya wa vimo vya asili mara nyingi unazungusha kufuli iliyochoka angalau mara kadhaa. Hizo mara kadhaa ndio unazohitaji. Ukifika ACC tu usirudishe, fuata alichoandika mleta uzi.

Na mleta uzi umeeleza vizuri, nakushukuru.

Dada Kakamega

Nimempigia nikamwambia asije kesho. Amekasirika kidogo lakini sawa. Nitaleta majibu.

Kijana wa Pipeline

Wakubwa mimi naona mnajitesa. Yangu fundi alikata waya akaweka batani ya kustati na swichi ya kawaida chini ya dashibodi, mia nane yote, inawaka vizuri mwezi wa tatu sasa. Kufuli ni ya nini?

Fundi wa Kondele

Kijana wangu, naomba unijibu kitu kimoja kabla ulale leo. Kile chuma cha kufunga usukani kilitolewa?

Kwa sababu ignishen ya gari hizi inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Nyuma kuna swichi ya umeme, mbele kuna kufuli, na katikati kuna chuma kinachoingia kwa mhimili wa usukani ufunguo ukitolewa. Fundi wa batani anashughulika na umeme peke yake. Kama kufuli imebaki LOCK usukani haupindi, kwa hivyo najua alifanya kitu, ama alikivunja kile chuma ama aliiacha kufuli kwa ACC na ufunguo ndani. Kama aliacha hivyo, siku mtu ataurudisha nyuma na kuchomoa huo ufunguo kwa bahati mbaya, mtoto akicheza au wewe mwenyewe kwa mazoea, na gari inatembea kwa sababu umeme wake haupiti hapo tena, kile chuma kinaruka kinaingia kwa mhimili. Usukani unafungwa ukiwa barabarani. Nimeona gari iliyotolewa kwa mtaro hivyo na sitaki kuona tena.

Na zile waya: kwa swichi ya ignishen moto mwingi wa umeme unapita. Waya mwembamba na swichi ya taa ya nyumba zinapata joto chini ya dashibodi mahali huoni. Guza ile swichi ukishaendesha nusu saa utaniambia.

Kijana wa Pipeline

Ufunguo uko ndani kwa ACC, hautoki. Na swichi ni kweli inapata joto, nilidhani ni kawaida. Naipeleka wapi?

Fundi wa Kondele

Kwa fundi wa umeme wa gari, sio aliyeifanya. Mwambie arudishe waya zote kwa soketi ya kiwanda na uweke silinda mpya. Bahati yako ni kwamba iko ACC tayari, silinda inatoka bila vita. Mpaka hapo usiendeshe, na mwambie kila mtu wa nyumbani asiguse huo ufunguo.

Mwana Lanet (mleta uzi)

Hii ya moto sikuwa nimeifikiria. Niongeze kitu kuhusu ile swichi ya umeme kwa sababu rafiki yangu wa mtaa wa Section 58 alipoteza pesa hapo. Yeye ufunguo wake ulikuwa unazunguka laini kabisa bila kukwama, lakini mara stata haiiti, mara taa za dashibodi zinazima akipita kwa tuta. Akauziwa silinda mpya. Shida ikabaki vilevile, kwa sababu kufuli ilikuwa nzima, kilicholika ni ile swichi ya nyuma iliyo na shaba za kugusana. Hiyo ni kipande kingine, kinashikwa na skurubu mbili na soketi ya waya, hakihitaji ufunguo mpya wala nini. Kwa hivyo kabla ununue, jiulize mkono wako unahisi nini. Ukizunguka kwa shida ama ukikataa, ni kufuli au ufunguo. Ukizunguka vizuri na umeme ndio unachezacheza, anza na swichi, na usisahau kuangalia tamino za betri.

Mwalimu wa Bungoma

Mimi nina swali juu ya kulainisha. Nyumbani tumekuwa tukiweka mafuta ya cherehani kwa tundu la ufunguo kila mwezi, baba mkwe ndiye alinifundisha. Inasaidia wiki moja halafu inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Fundi wa Kondele

Mwalimu, heshima kwa mzee, lakini mafuta ya maji maji na grisi kwa kufuli ni kukaribisha vumbi likae. Linashikamana linakuwa kama ugali kwa zile springi. Weka unga wa grafaiti, wanauza kwa vichupa vidogo. Ukikosa chukua penseli laini ya 2B, paka pande zote mbili za ufunguo mpaka ung'ae, ingiza na kutoa mara kumi hivi. Kama umeshaweka mafuta, safisha kwanza na dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, ile ya kopo inayokauka yenyewe, ukiwa umetoa betri, ngoja ikauke kabisa.

Mwana Lanet (mleta uzi)

Na sisi watu wa Nakuru hatuna ujanja wa vumbi, hata jina la mji watu husema limetoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi. Nilipofungua silinda yangu ya zamani kuiangalia nilimwaga unga wa kijivu kwa gazeti, vibati viwili vilikuwa vimekwama chini kabisa springi haiwezi kuviinua. Ndio maana ufunguo ulikuwa unatoka gari ikitembea.

Kitu kingine nilichoacha: ule mkufu wa funguo. Nilikuwa nabeba funguo za nyumba, za duka, za geti, kufuli kubwa mbili na kopena, yote inaning'inia kwa ignishen na barabara ya kwetu ni mashimo. Uzito huo unavuta ufunguo chini kila ukipiga shimo. Mnaweza kukumbuka mwaka 2014 General Motors kule Marekani iliita mamilioni ya magari, Chevrolet Cobalt ikiwemo, kwa sababu swichi ya ignishen ilikuwa nyepesi na ingeteleza kutoka ON hadi ACC gari ikitembea, injini inazima na eabegi hazifunguki. Mfuko wa fidia ulikubali vifo 124. Huko wateja waliambiwa watoe kila kitu kingine kwa mkufu, wabaki na ufunguo peke yake. Siku hizi wangu unatembea uchi.

Dereva wa Probox

Naomba mnisaidie, yangu ufunguo una chipu. Nikibadilisha silinda si gari itakataa?

Fundi wa Kondele

Chipu haikai kwa silinda, inakaa kwa kichwa cha ufunguo, na ile ringi inayozunguka tundu la ufunguo ndio inaisoma. Kwa hivyo silinda mpya itazunguka na stata itaita, lakini injini itakataa kuwaka ama itawaka sekunde moja na kuzima, mpaka isome chipu inayoijua. Una njia mbili. Ama vibati vya silinda mpya vipangwe vifuate ufunguo wako wa sasa, hiyo ndio mimi hupenda, ufunguo mmoja unafungua milango na kuwasha. Ama funguo mpya zisajiliwe kwa mashine. Ukitoa ile ringi itoe kwa upole, waya wake ni mwembamba kama unywele.

Mzee wa Kisumu Ndogo

Vijana hamjambo. Mimi fundi wangu aliniletea ignishen nzima ya mtumba iliyokatwa kutoka gari nyingine, nyumba ya chuma na yote. Kuitoa ile ya zamani kulichukua siku nzima kwa sababu bolti hazina kichwa.

Fundi wa Kondele

Shikamoo mzee. Hizo bolti zinatengenezwa hivyo kusudi, ukizikaza kiwandani kichwa kinakatika ili mwizi asifungue. Kuzitoa ni kuchimba mfereji kwa patasi na kuzigonga zirudi nyuma, ama kuzitoboa. Kwa Corolla hakuna haja ya kufika huko kama ni silinda tu imechoka. Kwa Nissan nyingi za zamani mara nyingi unalazimika kununua yote pamoja. Na ukiweka ya mtumba hakikisha bolti mpya za kukatika zimewekwa, sio bolti za kawaida, na ujaribu kabla fundi aondoke: chomoa ufunguo, pinda usukani ujifunge, fungua tena, rudia mara tano. Otomatiki ijaribiwe pia ufunguo usitoke gia ikiwa si P.

Mzee wa Kisumu Ndogo

Marahaba. Nimeenda kuangalia sasa hivi, ni bolti za kawaida za 12. Nitamrudishia.

Dada Kakamega

Nimerudi. Shemeji alifungua mlango wa abiria jana, kufuli imetoka safi kabisa kama ya dukani, lakini namba hatukuiona. Nikapanda matatu mpaka mjini na logibuku kwa mkoba, fundi wa funguo akatoa vibati akavipima akakata ufunguo, mia tano. Ukishika na ule wangu wa zamani pamoja utashangaa, meno matatu ya zamani yamepungua mpaka yanaonekana kwa macho.

Nilipofika nyumbani mara ya kwanza haukuzunguka, mara ya pili haukuzunguka, nikatia penseli kama mlivyosema, nikawa nazungusha bila nguvu huku shemeji anagongagonga kichwa cha ufunguo na mpini wa bisibisi pole pole. Mara ya tisa au kumi ukaingia ACC. Nilipiga kelele watoto wakatoka nje.

Hatujaurudisha. Umelala hapo hapo usiku kucha, betri tumeitoa ili isiishe, na silinda mpya imekuja leo na gari ya asubuhi kutoka Kisumu. Shemeji ameitoa ile ya zamani na waya wa mwavuli. Jioni ndio anapeleka mpya kwa yule fundi apange vibati vifanane na milango, kesho saa kumi alfajiri nataka niwe kwa njia na mitungi.

Fundi wa Kondele

Kazi safi dada. Ile ya zamani usitupe, vibati na springi zake zinatumika kupangia mpya, mpe fundi zote mbili.

Dada Kakamega

Iko kwa mkoba tayari.